Mwenye Trei Hasalimiwi

Wenzangu wa maabara, chumba cha seli,

Siku ile naaga mliniomba niwaachie maelekezo ya kazi. Maelekezo mnayo. Yapo kwenye faili la bluu juu ya friji, na yale niliyoongeza pembeni kwa kalamu nyekundu ndiyo ya kufuata. Haya ninayoandika sasa ni yale ambayo hayakuingia kwenye faili. Nayaandika barazani kwangu Igoma, asubuhi, chai iko mezani, mafundi wa jirani wanagonga mageti yao, na hakuna anayenisubiri nifungue inkubeta. Mwili wangu bado haujaelewa. Ikifika saa moja na nusu, mkono unatafuta glavu.

Kuhusu vyeo sitasema kitu. Anayetaka kujua nilipanda lini, na kwa nini sikupanda mapema, akaulize masjala. Wanayo hata niliyoyasahau.

Nilifika Mwanza nikiwa msichana wa Muleba aliyetoka chuo cha maabara, cheti kikiwa kwenye bahasha ya kaki. Nilijua kuhesabu vimelea vya malaria na kutambua mayai ya minyoo, basi nikadhani naijua darubini. Kumbe vyote nilivyowahi kuvitazama vilikuwa vimekufa na kupakwa rangi. Nilipokewa na Mzee Lubango, fundi mkuu wa chumba cha seli, Msukuma wa Usagara, mfupi, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likalainika kama shuka. Hakuniuliza cheti. Alinikalisha kwenye darubini akasema, "Tazama."

Nilitazama. Niliona vidude vyepesi vimetulia kwenye maji mekundu. Shingo ilipoanza kuuma nikamwambia, "Mzee, hakuna kinachotembea."

"Vinatembea," akasema. "Wewe ndiye una haraka."

Akachukua kalamu ya wino usiofutika, akachora mstari mwembamba chini ya kisahani, pembeni kabisa mwa seli moja. Akakirudisha kwenye joto, tukaenda kunywa chai, tukaongea habari za kwetu Muleba na za ng'ombe wake, tukaosha vyombo vya asubuhi yote. Tuliporudi kutazama, seli ile ilikuwa imeuvuka mstari. Nilicheka kwa sauti, kisha nikaona aibu, maana nilikuwa mgeni. Niligeuka nikamkuta na yeye anacheka, mtu aliyeshaona jambo hilo mara elfu. Niliipenda kazi hii dakika ile, na sijaacha kuipenda, hata siku nilizoinunia.

Najua barua hii mtawasomea wake na waume zenu, kwa hiyo niseme tulikuwa tunafanya nini humo ndani. Ngozi ikikatika, seli zilizo ukingoni mwa jeraha hutambaa kwenda kuziba pengo. Sisi tunataka kujua zinajuaje upande wa kwenda. Macho hazina. Zinapokea ishara, na ishara hiyo huifanya seli, ambayo awali ilikuwa sawa pande zote, iwe na mbele na nyuma. Wapo watu kwenye wilaya zetu hizi wanaokaa na kidonda cha mguu miaka na miaka. Huenda seli zao nguvu zinazo, ila hazijui mbele ni wapi. Kazi yetu ilikuwa kulitafuta jibu hilo kwenye visahani, na mtu akiniuliza kama ni kazi ya maana, huwa namuuliza kama amewahi kuuguza kidonda.

Miaka hiyo inkubeta, kabati la kuzitunzia seli joto, ilikuwa moja na umeme ulikatika ulipotaka. Seli za binadamu zinadai joto la mwili na hewa ya ukaa kwa kipimo, tena zinadai kila dakika. Umeme ukichelewa kurudi, kazi ya wiki mbili inakwenda kwenye sinki. Mzee Lubango alikuwa na njia yake ya kutufanya tusikae bure. Alikuwa akipitia mwaloni kwa wavuvi asubuhi, anarudi na sato aliye hai kwenye ndoo. Anabandua gamba moja kwa koleo ndogo, analilaza kwenye kioo, anaongeza tone la midia, yale maji mekundu ya kulishia seli, anafunika na kioo kingine. Kufika mchana, seli zinatoka chini ya gamba zenyewe, pana mbele na nyembamba nyuma, zinateleza haraka kuliko seli yoyote niliyoiona baadaye maishani. Samaki amezoea maji ya ziwa, joto la chumba linamtosha. Umeme uwepo usiwepo, yeye anaendelea. Kwa magamba ya sato ndiyo nilijifunza mbele ya seli ikoje na nyuma ikoje, na ukiigusa nyuma inafanyaje. Sato mwenyewe alikaa kwenye beseni siku kadhaa akitutolea magamba, kisha alistaafu kwa namna ambayo siwezi kuiandika kwenye faili la bluu. Nakumbuka tu kwamba nyanya zilikuwa nyingi.

Kukwangua kulinichukua muda zaidi. Mnajua jaribio lenyewe: unaziacha seli zijae kisahani chote, halafu kwa ncha ya tipu ya njano, ule mdomo wa plastiki wa pipeti, unakwangua mstari mmoja katikati, upate jeraha. Mstari ukipinda, au mkono ukikandamiza ukachana sakafu ya kisahani, huna jaribio. Mzee Lubango hakuniruhusu kugusa seli. Alinipa visahani alivyovipaka uji mwepesi wa muhogo akavikausha, nikakwangua uji wiki mbili. Alikuwa ananiambia nivute pumzi, niitoe nusu, niizuie, ndipo nishushe mkono kwa mwendo mmoja. Mpaka leo nikikata mkate nazuia pumzi, na watoto wangu wananicheka.

Halafu kuna suala la kutikisa. Ukishamimina seli kwenye kisahani lazima uzitawanye. Mimi nilikishika kisahani kwa mikono miwili nikakizungusha, mkono laini kabisa, nikaona nimefanya vizuri. Kesho yake seli zote zilikuwa zimejikusanya katikati, pembeni jangwa. Mzee Lubango alitazama akaniuliza, "Nyumbani kwenu nani alikufundisha ungo?"

Nikasema mama.

"Mama yako alifundisha vizuri. Unazungusha, chenga na mawe vinakuja katikati, unaokota. Sasa humu hatuokoti mawe. Mbele, nyuma. Kushoto, kulia. Unaenda kanisani?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi fanya ishara ya msalaba."

Nimefundisha vijana wengi tangu hapo, na karibu kila aliyetoka kwenye nyumba ya mpunga au maharage alizungusha kisahani siku ya kwanza. Mikono inakuja kazini na mambo ya nyumbani bila kuuliza ruhusa. Nilidhani nimelielewa jambo hilo mapema. Mtaona sikulielewa.

Mambo mengine mawili ya Mzee Lubango niyataje, maana yatahitajika mbele. La kwanza ni rangi. Midia ikiwa nyekundu kama ilivyotoka kwenye chupa, seli ziko salama. Ikielekea njano, zimebanana au kuna uchafu. Ikielekea zambarau, imekaa nje ikapoteza hewa ya ukaa. "Soma rangi kabla ya kusoma namba," alikuwa akisema. La pili ni kufunika majina. Tukishapaka rangi, kiini cha seli kinang'aa bluu, na ile sehemu inayofungasha mizigo ya seli, tunayoiita golgi, inang'aa kijani. Seli iliyopata ishara huiweka golgi mbele ya kiini, upande wa jeraha, kama mtu aliyesogeza begi mlangoni tayari kwa safari. Unahesabu seli za mstari wa kwanza, ngapi zimeelekea jerahani na ngapi hazijui. Mzee Lubango alibandika plasta juu ya jina la kila kisahani kabla sijahesabu, kwa sababu ukishajua ni kisahani gani unaanza kuona unachokitaka. Niliona kama hana imani na mimi. Baadaye na mimi nikawa nabandika plasta kwa wengine, wakaona vivyo hivyo.

Kisha jenereta ikaja, tukafurahi, ikawekwa nyuma ya chumba cha seli, na ilipowaka darubini ikatetemeka mpaka picha zikawa na ukungu. Ndiyo maana darubini kubwa ikahamishiwa mwisho wa korido, pamoja na inkubeta ndogo. Wengi mmeikuta hivyo mkadhani kuna sababu ya kisayansi. Sababu ni jenereta. Kukwangua tunafanya huku, kwenye kabati la hewa safi, na kutazama tunafanya kule, na katikati kuna korido yenye masjala, ofisi za utawala, stoo, na madirisha yanayoingiza upepo wa ziwa. Mwendo wa kawaida ni chini ya dakika moja. Mzee Lubango alistaafu mwaka uliofuata akarudi Usagara kwenye ng'ombe wake. Mimi nikabaki na pipeti zake na maneno yake.

Miaka mingi ikapita hapo, na ilikuwa mizuri. Niende moja kwa moja kwa Nyamizi.

Nyamizi alikuja kwetu kusoma shahada ya pili, miaka miwili kabla sijastaafu. Binti wa mkulima wa pamba wa Magu, mrefu, mkimya, mwenye mkono wa kukwangua ambao sijauona kwa mwingine. Siku yake ya kwanza nilimpa trei aipeleke darubini. Alikwenda haraka, macho kwenye trei, akampita Mzee Magesa pale mlangoni mwa stoo bila kumwamkia. Mzee Magesa ndiye mtunza stoo wetu, aliyestaafu akarudishwa kwa mkataba kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kilichomo. Ni mkubwa kwangu. Alishusha miwani tu. Nikamwita Nyamizi pembeni.

"Mwanangu, hapa si stendi ya mabasi. Mkubwa hapitwi."

"Samahani, mama. Nilikuwa na trei."

"Trei inawekwa chini."

Nikaona nimelea. Tangu siku hiyo Nyamizi alikuwa mfano wa korido nzima. Akifika kwa mkubwa anaiweka trei dirishani, anapiga goti kidogo kama walivyo mabinti wa kwao, shikamoo, habari za nyumbani, mgonjwa anaendeleaje, mvua imefika huko. Anainua trei, anakwenda kwa mwingine. Wakubwa wa korido walimpenda sana. Nilisifiwa mimi.

Kazi yake ilikuwa kujaribu dawa inayoziba mojawapo ya zile ishara. Swali lilikuwa, ishara ikizibwa, seli itaendelea kujua mbele ni wapi? Tuligawana kazi. Yeye aliandaa na kubeba visahani vyenye dawa, kwa kuwa dawa ilikuwa chini yake. Mimi niliandaa na kubeba visahani visivyo na dawa, vya kulinganishia. Plasta tulibandika, kuhesabu tulihesabu kwa haki. Matokeo yakatoka ya kushangaza. Seli zangu zilielekea jerahani kwa nidhamu. Seli za dawa zilitazama kila upande, golgi huku na kule, kama watu walioshushwa Usagara njia panda bila kuambiwa gari lao ni lipi. Tukarudia, ikawa vile vile. Tukarudia tena.

Daktari Felista, msimamizi wake, alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Nyamizi akapangiwa siku ya kutetea kazi yake mbele ya jopo, na nyuma ya hapo kulikuwa na nafasi ya masomo ya udaktari, shahada ya tatu, iliyokuwa inasubiri matokeo hayo hayo. Baba yake aliarifiwa kwa simu, na kwa jinsi ninavyomjua sasa, Magu nzima iliarifiwa siku hiyo hiyo.

Zilikuwa zimebaki wiki nne. Asubuhi moja nilifika chumba cha darubini kabla ya Nyamizi, nikaweka visahani vyangu kwenye inkubeta ndogo, nikakaa kufuta lenzi. Nilingoja. Nilifuta lenzi zote. Nilipoanza kufuta meza, Nyamizi akaingia na trei yake, mtulivu, ameshawajulia hali watu wote. Alipoiweka mezani nikatazama midia yake. Ilikuwa inaelekea zambarau.

Nilikuwa nimeisoma rangi ile maisha yangu yote, na kwa miezi sikuitazama, kwa sababu namba zilikuwa zinapendeza. Seli huanza kuamua mbele ni wapi mara tu baada ya kukwanguliwa. Za kwake muda huo zilikuwa dirishani, kwenye upepo, zinapoa, huku yeye anamwuliza mhasibu hali ya mtoto wake. Zangu zilifika zikiwa moto, kwa sababu mimi ni mama wa umri, wengi waliniamkia nikitembea, nikaitikia nikitembea, na Mzee Magesa nilimwamkia bila kusimama kwa kuwa tumezoeana. Huenda tulikuwa hatupimi dawa. Huenda tulikuwa tunapima salamu.

Nilimwambia mchana ule ule, kwa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "si ungesubiri nimalize?"

Hakusema kwa ukali. Heri angekuwa mkali. Nilimwambia tujaribu mara moja tu tukiwa tumebadilishana: mimi nibebe vya dawa, yeye abebe visivyo na dawa, na kila mtu apite korido kama kawaida yake. Tulifanya hivyo, tukabandika plasta, tukahesabu. Tulipobandua plasta, Nyamizi akakaa chini. Visahani safi, visivyo na hata tone la dawa, ndivyo vilivyopotea njia. Vya dawa vilikuwa vimejitahidi.

Jumamosi nilikwenda Usagara kwa Mzee Lubango. Alikuwa ameketi uani, anachambua mbegu za mahindi, miguu haina nguvu lakini kichwa ni kile kile. Nilimweleza yote. Alipoelewa alicheka mpaka mkewe akatoka ndani kuuliza kulikoni.

"Adabu," akasema. "Yaani adabu ndiyo imeua jaribio." Akafuta macho. Kisha akaniuliza, "Sasa huyo binti, nani alimfundisha kuweka trei chini?"

Niliokota mbegu iliyodondoka miguuni pangu.

"Umemwambia?"

"Bado, Mzee."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mbegu zake.

Njia nzima ya kurudi Igoma nilikuwa nimekasirika, na aliyenikasirisha ni mimi. Nilikuwa nimemweleza Nyamizi kosa kama lake. Siku yake ya kwanza alifanya sawasawa, macho kwenye trei, miguu mbele, nami nikamrudisha nyuma, nikasifiwa. Jumatatu nilimwita kwenye chumba cha seli nikafunga mlango. Nilimwambia kosa ni langu tangu mwanzo, na nitamwandikia Daktari Felista hivyo, kwa jina langu. Nyamizi akaanza kutabasamu, polepole.

"Kumbe siku ile nilikuwa sahihi, mama?"

"Ulikuwa sahihi."

"Na mimi nilivyolia usiku ule bwenini."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Baada ya hapo tulikuwa na wiki tatu.

Kikwazo kikawa korido. Niliandika karatasi, nikabandika ukutani: MWENYE TREI HASALIMII WALA HASALIMIWI. Siku ya kwanza haikufua dafu. Watu waliisoma, wakacheka, wakasema, "Shikamoo mama, na hii karatasi ni ya nini?" Mzee Magesa aliichukulia vibaya. Alinijia na miwani mkononi.

"Mama Koku, mtoto anipite kama nguzo ya umeme?"

Sikubishana naye. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye darubini, nikamkalisha pale nilipokalishwa mimi, nikachora mstari pembeni mwa seli moja. Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi akainamisha kichwa kwenye lenzi, na hakukiinua kwa muda.

"Imevuka," akasema. "Haina miguu, na imevuka."

"Ndiyo, Mzee. Ila ikikaa dirishani inapotea."

Tangu mchana huo hapakuwa na askari mkali kuliko Mzee Magesa. Akisikia mlango wa chumba cha seli unafunguka anatoka stoo, anainua mkono, na korido nzima inanyamaza. Mkurugenzi mwenyewe alipofungua kinywa siku moja kumwamkia mgeni wa kitaifa, alinyamazishwa kwa kidole, na Nyamizi akapita na trei kati yao. Mkurugenzi bado anaisimulia habari hiyo kwa fahari, kama vile yeye ndiye aliyenyamazisha.

Tulirudia kazi yote. Nyamizi alikwangua, tukabeba pamoja, bega kwa bega, bila neno. Namba za mwisho hazikuwa za kushangaza tena. Dawa haikuzipoteza seli. Ilizichelewesha tu: zilisita, zikageuka baadaye, zikakuta wenzao wameshaanza safari. Jambo dogo, lakini kila tulipolirudia lilikuwepo, na hakuna aliyewahi kulionyesha kwetu kabla yake. Mbele ya jopo Nyamizi alieleza vyote viwili, matokeo ya salamu na matokeo ya dawa, bila kuficha chochote. Mjumbe mmoja alimwuliza kwa nini anawaeleza kosa ambalo hakuna ambaye angeligundua. Akajibu, "Kwa sababu mama yangu wa maabara aliligundua." Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. Nililia bila kujificha, na mkulima mmoja wa pamba kutoka Magu aliyekuwa pembeni yangu akanipa leso yake. Nafasi ya udaktari aliipata, kwa swali hilo hilo la kuchelewa.

Sasa nifike kwenye siku yangu ya mwisho, ambayo mlikuwepo, ila hamkuiona kwa macho yangu. Asubuhi ile nilikwangua visahani vitatu vya mwisho. Nilizuia pumzi. Mistari ilinyooka. Nikaviweka kwenye trei, Nyamizi akanifungulia mlango, nikatoka.

Mlikuwa mmesimama. Kila mlango wa korido ulikuwa wazi na kila mlangoni kulikuwa na watu, masjala, utawala, wafagiaji, Daktari Felista, Mkurugenzi na tai yake. Mzee Magesa alikuwa ameinua mkono. Hakuna aliyesema neno. Nilipita katikati yenu macho yakiwa kwenye trei, kama inavyotakiwa, nikisikia viatu vyangu tu na upepo wa ziwa dirishani. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuheshimiwa kama nilivyoheshimiwa kwa kutosalimiwa siku ile.

Nilifungua inkubeta ndogo, nikavipanga visahani, nikatazama rangi. Nyekundu. Nikafunga mlango. Nilipogeuka, Mzee Magesa alikuwa amenifuata mpaka kizingitini, na ninyi nyote nyuma yake. Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikimwamkia mimi, kwa kuwa ni mkubwa kwangu, na hakuna siku iliyowahi kuwa vinginevyo. Alivua miwani.

"Shikamoo, Mama Koku," akasema.

Marahaba haikutoka. Sikuwa na trei tena, mikono yangu ilikuwa mitupu, kwa hiyo nikampigia goti.